Msichana Asiyekuwa kwenye Daftari

Nimekuwa mwandishi wa habari hapa Nakuru kwa miaka kumi na sita, na tisa kati ya hiyo nimekuwa katibu wa kikundi chetu cha waandishi. Ukatibu nilipewa kwa sababu nina mwandiko unaosomeka, na kwa sababu siku ya uchaguzi nilichelewa kufika, hivyo sikuwepo kukataa. Kazi yenyewe ni kutunza daftari. Mtu akiandaa hafla mjini, awe mchungaji, kampuni ya mbegu au shule inayofungua maabara, hunipigia simu akauliza waandishi ni akina nani, nami humsomea majina. Aliyemo daftarini hupewa beji, kiti cha mbele na chakula cha mchana. Asiyekuwemo hujitafutia pa kusimama.

Nimechoka. Naona niseme mapema, msomaji asije akadhani anasoma habari za mtu mwenye ari. Magoti yananisumbua, gazeti limepunguza habari za huku kwetu hadi zimebaki robo ukurasa, na mhariri wangu wa Nairobi, kijana ambaye hatujawahi kuonana naye, hunijibu kwa kunitumia picha ya kidole gumba. Siku za mwanzo nilikuwa naenda Rongai alfajiri kwa sababu ya habari ya mahindi yaliyooza ghalani. Siku hizi nikiitwa Rongai huuliza kwanza kama kuna mtu mwingine anaenda.

Msichana mmoja wa Bahati, kitongoji cha nje ya mji, aliniletea barua mwaka jana, mvua za Aprili zilipoanza. Anauza magauni ya mitumba pale senta, penye maduka, na jioni huandika kuhusu nguo kwenye ukurasa wake wa mtandaoni: kitambaa gani kinachuja, fundi gani anaiba kitambaa cha mteja, sare gani ya shule inapasuka kwapani kabla muhula haujaisha. Wasomaji wake walikuwa wengi kuliko wangu, jambo ambalo sikuliona kuwa la kuchekesha. Barua ilikuwa fupi. Aliomba aandikwe kwenye daftari kama mwandishi wa habari za mavazi.

Tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja tunayoizoea, watu kumi na mmoja, tukajadili kama bloga wa nguo ni mwandishi wa habari. Niliongea kuliko wote. Nilisema hajasomea kazi hii, hana mhariri, anapewa nguo za bure kisha anazisifu, na hajui kumpigia simu mtu anayemlaumu ili asikie upande wake. Nilisema tukimwandika bloga wa nguo leo, kesho atabisha hodi bloga wa kucha. Watu walicheka sana, na kicheko chao kilinipendeza.

Mpigapicha wetu mzee ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa anachokoa meno. "Na sisi je," akasema, "tukikula kuku ya mtu halafu tuandike story yake, tunaitwa nani?"

Nikamwambia kuku si gauni. Nilijibu haraka, kama mtu aliyeshika hoja, na wenzangu wakagonga meza. Kila nikikumbuka jibu lile naona aibu upya.

Tulipiga kura, akakataliwa. Nilimwandikia msichana kumjulisha, naye akanijibu siku hiyohiyo, kwa lugha ya vijana ambao mama humwita mathe: "Sawa mathe. Asante kwa kunijibu, wengi huwa hawajibu."

Sasa lazima nieleze tunavyofanya kazi, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Huku kwetu hakuna anayeweza kufika kila mahali, kwa hiyo tuna kitu tunachokiita kopi ya pamoja. Mmoja huandika habari, akaitupa kwenye kundi letu la simu, na kila mtu huichukua, akageuza sentensi ya kwanza na kuituma gazetini au redioni kwake kwa jina lake mwenyewe. Tulianza kwa nia njema, mwenzetu alipokuwa amelazwa. Baadaye tukawa tunafanya hivyo hata tukiwa wote tumekaa meza moja. Mimi huwa nina kiburi kidogo: huongeza sentensi yangu moja, ili habari iwe na harufu ya mtu aliyekuwepo.

Miezi mitatu baada ya kura ile, kampuni moja ya mavazi ilituita kwenye ukumbi mjini kutuonyesha magauni yaliyoshonwa, kwa maelezo yao, na kikundi cha akina mama wa Rongai. Mwaliko ulisema kwamba baada ya maonyesho waandishi wataingia nyuma ya jukwaa wazitazame nguo kwa karibu na kuzishika. Wasichana warefu walipita, muziki ukapigwa, akina mama sita wa Rongai wakasimamishwa mbele wakapigiwa makofi. Kisha tukatolewa nje kwenye hema la chai.

Dada mmoja wa kampuni akaja pale na sauti tamu. "Waandishi, karibuni ndani mwone nguo."

Tulikuwa tisa. Hakuna aliyeinuka. Mimi ndiye niliyesema tunakuja, nikiwa na sambusa mkononi, huku nikiwaza ngazi za ule ukumbi na magoti yangu. Dada akangoja kidogo, akatabasamu, akageuka. Msichana wa Bahati, aliyekuwa amejinunulia tiketi na kukaa viti vya nyuma, alikuwa amesimama mlangoni. Akamfuata. Nilimwona akiingia, na niliwaambia wenzangu, "Hebu oneni, bloga naye ameitika." Wakacheka tena.

Mmoja wetu aliandika kopi kutoka kwenye karatasi tulizogawiwa na kampuni. Nami nikaongeza sentensi yangu: "Ukizishika nguo hizi, unahisi mkono wa mama katika kila mshono." Nilijisifu nayo njia nzima hadi nyumbani.

Kesho yake asubuhi habari yetu ilitoka. Kufikia adhuhuri, ya msichana nayo ilikuwa imetoka, na picha zake zilikuwa za upande wa ndani wa magauni. Ni mtu anayefungua mitumba kila wiki, kwa hiyo alijua pa kutazama. Kwenye kola, chini ya lebo mpya, palikuwa na matundu ya sindano ya lebo iliyobanduliwa. Kwenye mshono wa ubavuni, mahali ambapo mtu asiyejua nguo hafikirii, walikuwa wamesahau vile vitambaa vidogo vyenye maelezo ya kufua, kwa lugha za nchi za mbali. Magauni yalikuwa mitumba. Alikuwa amempigia simu mama mmoja wa Rongai akamuuliza walishona nini. "Tulishona lebo," mama akajibu. Halafu alikuwa ameipigia kampuni na kuandika majibu yao yote, hata matusi.

Nilisoma mara mbili nikitafuta kosa. Sikulipata, na hilo lilinikera zaidi ya habari yenyewe.

Kampuni ilienda polisi. Ilisema msichana alijipenyeza kwenye chumba cha kubadilishia nguo bila ruhusa. Walimchukua Ijumaa mchana pale kwenye kibanda chake, na simu yake wakaichukua pia. Kila mtu wa hapa anajua maana ya kukamatwa Ijumaa: mahakama hufunguliwa Jumatatu.

Simu ilinikuta jikoni nikiambua njegere. "Madam katibu," afisa akasema, "kuna msichana hapa anasema yeye ni press, na press ndio waliambiwa waingie. Ako kwa list yenu?"

Nilijua jibu. Hata hivyo nilinawa mikono, nikaenda chumbani, nikalifungua daftari na kupitisha kidole kwenye majina, kana kwamba huenda kuna mtu aliyemwandika nilipolala.

"Hayuko, afande."

"Sawa. Basi."

Nikarudi kwenye njegere zangu. Nataka niseme kweli juu ya nilichokihisi, maana ni rahisi sana kujipamba baadaye. Nilihisi nafuu. Nilihisi kwamba kuna mtu hatimaye ameuliza swali lile na mimi nimelijibu sawasawa, na kwamba yale maneno yangu yote ya chumba cha hoteli hayakwenda bure. Nafuu hiyo ilidumu mpaka zile njegere zilipoiva.

Mpigapicha mzee, ambaye habari za kituoni humfikia upesi, alinipigia kabla sijapakua. "Umesema hayuko?"

"Nimesema ukweli. Hayuko."

"Haya," akasema. "Lakini tuliitwa sisi. Mwenye alienda ni yeye." Akakata.

Jumamosi asubuhi nilienda kituoni. Mama yake msichana alikuwa kwenye benchi nje, ameshika chupa ya chai na mfuko wenye nguo za kubadilisha, na alipoambiwa mimi ni nani aliinuka akanipa mkono kwa heshima, akidhani nimekuja na msaada. Nilitamani angenitukana.

Afisa alikuwa na gazeti langu mezani, limekunjwa kwenye ile robo ukurasa. Hakuwa mtu mbaya. Naye alionekana amechoka, na tulielewana kwa hilo.

"Madam, mimi list yenu sina haja nayo tena," akasema. "Shida yangu ni hii. Kampuni inasema press wote waliingia, wakashika nguo, wakaona ziko sawa. Ati huyu hakuwa na nyinyi, aliingia baadaye kama mwizi. Na wameniletea hii kama ushahidi." Akaweka kidole kwenye sentensi yangu. Akaisoma kwa sauti, polepole, kwa lafudhi yake, na ule mkono wa mama katika kila mshono ukajaa chumba kizima. "Sasa wewe ulizishika ama hukuzishika?"

Sikuwahi kuulizwa swali jepesi namna hiyo. Nikafikiria kusema kwamba sikumbuki. Nikafikiria wenzangu wanane, ambao kila mmoja alikuwa ameandika habari ileile, na watoto wao walio shuleni. Nikafikiria mhariri wangu na kidole gumba chake.

"Sikuzishika," nikasema. "Hatukuingia. Hakuna aliyeingia isipokuwa yeye, na dada wa kampuni ndiye aliyempeleka. Nilimwona kwa macho yangu."

"Unaweza andika hiyo?"

Akanisukumia karatasi na kalamu. Nimeandika maneno mengi maishani, lakini sidhani nimewahi kuandika mistari sita iliyonigharimu hivyo. Niliandika kwamba tuliitwa, kwamba hatukwenda, kwamba sentensi iliyo gazetini niliitunga nikiwa kwenye hema. Nikatia sahihi. Afisa alisoma, akaguna, akasema malalamiko ya kampuni yatabaki kwenye faili lakini haoni sababu ya kumlaza mtu ndani tena. Akaenda kumtoa.

Msichana alitoka amevaa gauni lililokunjamana na nywele zimetimka upande mmoja. Mama yake alimvuta benchini, akammiminia chai, akamkagua uso na mikono kama anayetafuta mahali palipovunjika. Niliwaacha wamalizane, kisha nikamsogelea. Nilimwambia kwamba nilipoulizwa Ijumaa nilijibu vibaya, na kwamba naomba anisamehe.

"Sawa, mathe," akasema. Lilikuwa lile sawa alilonijibu baada ya kura, halina kisirani wala joto. Alikuwa anawasha simu waliyomrudishia. Alipoona inawaka, akanitazama. "Naweza kukuuliza kitu? Ni ya story."

Ningeweza kuondoka. Watu wameniondokea mimi mara nyingi, wengine mbio. Nilikaa kwenye benchi kwa sababu magoti hayakutaka mjadala.

"Siku ile waliita press, mlikuwa wapi?"

"Kwenye chai."

"Nyote?"

"Sote."

"Na ile line ya mkono wa mama?"

"Niliitunga."

Nilidhani atacheka. Alikuwa na haki ya kucheka, na mimi kwenye nafasi yake ningecheka, ningekwenda nayo hotelini kuwasimulia wenzangu. Yeye aliandika tu, neno kwa neno, akanisomea alichoandika na kuniuliza kama ndivyo nilivyosema. Nikasema ndivyo.

"Niweke jina lako, ama niandike tu mwandishi mmoja wa hapa?"

Swali hilo nimewauliza mamia ya watu: wakulima, makarani, wake za watu. Wengi huchagua kufichwa, na moyoni nimekuwa nikiwadharau. Mama yake alikuwa amekoma kufunga chupa, ananitazama.

"Andika jina," nikasema.

Akaandika. Kisha akainua macho. Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anataka tu kukamilisha kazi yake vizuri.

"Na kazi yako, niandike wewe ni nani?"

Nilitaka kusema mwandishi wa habari, nikakumbuka lile hema la chai na sambusa mkononi. Yeye hakunisukuma. Alikaa akingoja, kidole juu ya simu.