Siku Koko Alipoita Watu wa Kuvuna

Mwaka wa 1996 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hapo ndipo shida ilipoanza. Vita vilitukuta milimani, Kivu ya Kusini, ngano ikiwa imeanza kugeuka rangi. Baba alibaki kule. Mama alitufia njiani, upande wa Tanzania. Aliyenifikisha Uganda ni bibi yangu, ambaye sisi tunamwita koko. Tulivukia mpakani Kikagate tukafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, yeye na mimi, na sufuria moja. Sisemi haya unionee huruma. Huruma niliikataa zamani. Nayasema ujue nilianzia wapi.

Juzi nilikuwa natoka Mbarara na bidhaa za duka, dereva akakata kona kupitia kijiji tulichowekwa mwanzo. Nikamwambia asimame. Fasi ya shamba letu sasa ni nyumba za mabati, zimebanana, na vijana wanacheza karata kivulini. Mmoja akaniuliza, "Mama, unatafuta nani?" Nikamwambia, "Hakuna mtu." Na ndiyo ukweli wenyewe. Lakini pua yangu ilisikia harufu ya ngano inayokaangwa kwenye sufuria kavu, kama koko alivyoikaanga kwetu milimani, na tangu siku ile harufu hiyo hainiachi. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hiyo usinitafutie maneno ya mapambo.

Koko alitoka nyumbani na ngano amefunga katika kona ya kikwembe, na kikwembe amekifunga kiunoni. Njiani tulilala njaa mara mingi, ngano iko pale pale kiunoni. Nikilia anasema, "Hii si chakula. Hii ni ya kurudi nayo." Kichwani mwake tulikuwa tumeenda kutembea tu. Msimu ujao tutarudi, na mtu atarudije kwenye shamba lake mikono mitupu? Tulipopewa kiwanja, wenzetu walipanda mahindi na maharagwe. Koko alipanda maharagwe kidogo, sehemu kubwa akaipa ngano, kwa kuwa mbegu ikikaa sana bila kuona udongo inakufa.

Kwetu ni juu, kuna baridi, ukungu unalala mpaka jua limepanda. Nakivale ni chini na joto. Ngano ilitoka fupi, nyembamba, kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Majirani hawakuijua. Walikuwako Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, kila mtu na lugha yake, na wote walikubaliana jambo moja: yule bibi Mkongomani amelima majani. Palikuwa na mfugaji Munyankole, mwenyeji wa pale, aliyepitisha ng'ombe kando ya shamba letu kila siku akienda kuwanywesha ziwani. Yeye alimwita koko mukaikuru, yaani mwanamke mzee, na hakupita bila kumtania.

"Mukaikuru, hii nyasi yako utauza? Ng'ombe yangu inauliza."

"Ambia ng'ombe yako ingojee mukate," koko anamjibu, na wote wawili wanacheka.

Kazi yangu ilikuwa ndege. "Amuka, bandege hawatungojei!" Hilo ndilo neno la kwanza nililosikia kila asubuhi. Nilishika mkebe wenye mawe ndani nikautikisa mpaka jua likawaka, kisha nikabeba kibuyu cha plastiki kwenda ziwani kuchota maji, kisha nikarudi kwa ndege. Jioni tulikula mahindi ya msaada, yaliyochemshwa na maharagwe mpaka yakakubali. Watoto wengine walicheza mpira wa majani ya ndizi. Mimi niliwaangalia kwa mbali nikitikisa mkebe, na wao waliniita "mlinzi wa majani." Lugha ya kuwajibu sikuwa nayo. Nilitikisa kwa nguvu zaidi.

Sasa nikueleze desturi ya kwetu, maana bila hiyo hutaelewa. Milimani, ngano ikiiva, mwenye shamba hazunguki nyumba kwa nyumba kuomba watu. Anasimama asubuhi juu ya shamba lake, anaweka mikono mdomoni, anapiga mlio mrefu unaopanda na kushuka. Kilima cha pili wanaupokea, cha tatu vile vile. Kabla umande haujakauka watu wamefika na visu vyao, wanakata wakiimba, wanafunga miganda, wanakula kwako mpaka washibe. Kesho ni kwa mwingine. Hakuna anayelipwa, na hakuna anayevuna peke yake. Hata mwenye kisirani anakuja. Koko alikuwa anasema mtu anayevuna peke yake ni yule ambaye amezikwa pamoja na ukoo wake wote, yeye tu ndiye waliyesahau kumfukia.

Ngano yetu iliiva mwezi wa tatu, mvua ikinukia. Koko alikuwa amechelewa kupanda. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi, na ngano ikinyeshewa imesimama inaota kwenye suke, inaharibika. Watu wawili, mmoja mzee na mmoja mtoto, tusingeimaliza. Nilimwambia tuanze mapema. Akanicheka. "Tutaanza na batu," alisema. Alipika sufuria nzima ya maharagwe na bugali, posho yetu ya siku mingi. Akavaa kikwembe chake kizuri. Akasimama juu ya shamba, akaweka mikono mdomoni, akaita.

Rafiki yangu, sijawahi kusikia sauti kama ile tena. Mwanamke mwembamba vile, lakini mlio ulizunguka bonde lote, ndege wakaruka. Akanyamaza, akasikiliza. Na kweli, mlima wa pili mtu akapokea! Na mwingine! Tukaona watu wanatoka nyumbani, wanakimbia kuja kwetu, wengi, wanaume kwa wanawake. Koko akapiga makofi, machozi yanamtoka. "Unaona? Nilikuambia. Batu ni batu fasi yote. Kimbia, ongeza maji kwenye sufuria!"

Nilikimbia nikaongeza maji. Niliporudi watu walikuwa wamefika, na mikononi mwao hamkuwa na visu vya kuvunia. Walikuwa na fimbo, na mapanga, na mmoja mkuki.

Hatukujua. Kwa Banyankole, mlio mrefu wa namna ile ni enduru. Ni mlio wa hatari. Ukiusikia unaacha chakula mdomoni, unachukua fimbo, unakimbia.

Mfugaji alifika wa kwanza, anahema. "Mwizi iko wapi? Amepita wapi?"

"Mwizi gani, baba?" koko akasema. "Mukaribie. Ngano imeiva. Chakula iko tayari."

"Ngano wapi?"

Koko akaonyesha. Wakatazama shamba, wakatazamana. Kijana mmoja akapasuka kucheka. "Banange! Mukaikuru analilia nyasi!" Wakacheka wote, wengine wakiwa bado wamekasirika, jasho linawatoka. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye wenyewe wanamwita cheyamani, yeye hakucheka.

"Mama, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Nyumba imeungua?"

"Hapana."

"Basi hapa Uganda hapana kulia bure. Leo umetutoa kwa kazi yetu. Siku nyingine ukilia, hata kama ni mwizi wa kweli, hakuna mtu atakuja. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Waliondoka kwa mafungu, wakiigiza ule mlio na kucheka. Koko alibaki amesimama na kikwembe chake kizuri mpaka wa mwisho alipopotea. Hakulia. Aliniambia tu, "Leta kisu," na akainama akaanza kukata. Nikaanza na mimi. Wakati mwingine hata leo nasikia kile kisu, kwa maana hakukuwa na sauti nyingine. Hakuimba. Kwetu hakuna wimbo wa kuvuna wa mtu mmoja. Nyimbo zote ni za mmoja kuita na wengine kuitikia, na mimi nilikuwa mdogo mno, maneno ya kuitikia sikuyajua.

Jioni mfugaji alirudi peke yake. Akaegemea fimbo yake. "Mukaikuru, kwenu kule, ukilia hivyo, watu wanakuja kweli? Bila mwizi?"

"Wanakuja."

"Wote?"

"Wote."

Akafikiri. "Sisi ni kwa mwizi tu," akasema. Kesho yake alikuja na watoto wake wakakata nasi mpaka mvua ilipoanguka, na kwa malipo akachukua majani yaliyobaki, ya ndama zake. Nusu ya ngano iliokoka. Nilifurahi mno. Koko alimshukuru, akamkalisha, akampa chakula, lakini usiku ule aliniambia, "Amekuja sababu ya majani, si sababu yetu." Nilimwona mgumu. Sasa nimefika umri wa kumwelewa.

Aliendelea kupanda, kila msimu kipande kidogo kinachowezwa na watu wawili. Kila ngano ilipoiva, asubuhi alisimama juu ya shamba kwanza, kimya, mikono ameishusha. Halafu anainama. Mbegu mpya alizichanganya na majivu, akazihifadhi katika jerikani chini ya kitanda, za kurudi nazo.

Alifia hospitali ya Mbarara, mimi nikiwa nimeshaolewa na nimeshaachwa na mume. Tulimzika Nakivale, watu wa kanisa wachache na mimi. Baadaye nilivuta lile jerikani. Watu waliokuja baadaye kutoka mlimani kwetu waliniambia mashamba ya kule yamekuwa pori, hakuna anayepanda, hakuna kilima cha kupokea mlio. Basi niliosha ngano yote, nikaisaga, nikakaanga mandazi, nikaenda kuuza sokoni Misiera, hapo hapo kambini. Yaliisha kabla ya saa sita. Mfugaji alinunua, ameshazeeka, akauliza huu ni unga gani mtamu hivi. "Ni ile nyasi," nikamwambia. Akatafuna polepole, hakucheka. Hivyo ndivyo nilivyoanza biashara, na sikuomba mtu shilingi. Wapo wanaosema nilikula urithi. Waseme. Hawakuwapo.

Leo nina duka Misiera. Nina nyumba ya matofali, vyumba vinne, na simenti chini. Nina mashine ya kusaga mahindi. Nina ng'ombe wawili na shamba la kukodi, na siku ya kuvuna napiga simu, vibarua wanakuja na pikipiki, wanavuna wakisikiliza redio, nawalipa, wanaondoka. Nina friji. Nina kitanda cha mbao nzito na magodoro mawili. Nina watoto watatu, wote walichukuliwa Amerika na mpango wa wakimbizi, wanapiga simu Jumapili. Nina viti vya plastiki kumi na viwili, vya kukalisha wageni. Vimepangwa sebuleni, kimoja juu ya kingine.