Jina la Asila Katika Wimbo wa Nne

Wiki ya pili baada ya CD ya mama yangu kuingia madukani, Asila alirudishwa kwa wazazi wake na sanduku moja la nguo. Jina lake lilitajwa mara tatu katika wimbo wa nne. Mumewe alilisikia kituo cha mafuta, likitoka katika gari la mwanamme asiyemjua.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Azaiba, mtaa mmoja wa Maskati, na kila Jumanne alasiri sebule yetu ilinuka udi, kahawa na ngozi ya ngoma iliyopashwa moto, kwa sababu hapo ndipo bendi ilipofanyia mazoezi. Walikuwa wanawake sita, watu wa Unguja waliohamia Maskati, na kwa miaka kumi na miwili walikuwa wakiimba taarabu katika harusi za mji huu. Mama alikuwa mwimbaji wao. Kiongozi alikuwa Bi Zuwena, mpiga kinanda, mama yake Asila.

Waliimba mbele ya wanawake peke yao. Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na kapu la kuachia simu, na ndani bibi harusi alitungiwa wimbo wenye jina lake. Ukishaimbwa, umekwisha. Huko nje jina la mwanamke halikutajwa mbele ya wanaume wageni. Hata kadi ya harusi ya Asila iliandikwa "binti wa" na jina la baba yake, basi. Wimbo wa Asila aliutunga mama, na katika nyimbo zake zote hakuna uliomtoka vizuri kama ule.

Mama alipowaambia wenzake kwamba anataka kutoa CD yake peke yake, walimtania.

"Haya, staa," alisema Bi Zuwena, "ukishapaa huko juu utupungie mkono."

Wote wakacheka, na mama akacheka zaidi yao. Lakini Bi Zuwena alifunika kinanda kabla kahawa haijanywewa, na Jumanne iliyofuata hakuja mtu.

Mama alirekodi kwa fundi mmoja Mhindi asiyejua neno la Kiswahili. Alikuwa na nyimbo saba, akataka ya nane, akachukua ule wa Asila. "Jina nnalitoa," aliniambia asubuhi ile akijifunga buibui. "Nnatia 'mwanangu' mahali pake."

CD zilipotoka tulisikiliza moja garini. Wimbo wa nne ulipofika kwenye kiitikio, mama alizima.

"Salma, umesikia nini?"

"Asila."

Aliipita nyumba yetu, akaendesha mpaka Bustan, upande wa pili wa mji, kisha akageuza. Nilidhani tungekwenda kwa Bi Zuwena. Tulikwenda nyumbani. "Wanaume hawasikilizi nyimbo za harusi," alisema akizima gari, na kwa siku kumi na moja hakumwambia mtu. Simu ikilia alinitazama mimi nipokee.

Siku ya kumi na mbili Bi Zuwena alikuja. Hakuvua viatu. Alisimama kizingitini, na kila alipokaribishwa alitikisa kichwa.

"Mwanangu nilikupa umwimbie, sikukupa umtembeze barabarani."

"Wallahi, dada, niliimba mara mbili. Moja ina jina, moja haina. Yule fundi katia siyo."

"Na wewe ulijua lini?"

Mama akamkaribisha tena ndani. Bi Zuwena akanigeukia mimi. "Mama yako alijua lini?" Nikatazama zulia, na hilo likamtosha.

CD ziliondolewa madukani wiki hiyo hiyo. Mama hakuimba tena mbele ya watu.

Siku hizi majina ya mabibi harusi huwaka kwa taa ukutani mwa ukumbi, na wenyewe hurusha nyimbo zao kwenye simu kabla chakula hakijaletwa. Nimekwenda harusi nyingi za namna hiyo na sijaona mume aliyekasirika. Wasichana ninaofanya nao kazi nikiwasimulia habari hii huuliza, "Kwa jina tu?"

Asila anakaa Yiti, kijiji cha nje ya mji, na mama yake. Mumewe alioa mke mwingine zamani na ana watoto wakubwa. Hajaja kumchukua Asila. Talaka yake pia hajaiandika, na Asila hajakwenda kuidai.