Kilio cha Shangazi Somoe

Moshi wa korosho zinazochomwa ni mkali. Unawasha macho, unakaba koo, na mgeni asiyeuzoea hutokwa machozi kabla hajaambiwa kama kuna msiba. Msimu ule, kwetu Kiranjeranje, moshi huo ulitanda uani tangu asubuhi. Bibi mzaa baba alichoma korosho juu ya bati kuukuu, nasi watoto tukazibangua kwa mawe, vidole vikibabuka kwa mafuta ya maganda. Mabibo yaliyoiva kupita kiasi yalinukia kila pembe, hata nzi walionekana kulewa. Miaka mingine hicho kilikuwa kipindi chetu cha raha. Mwaka ule baba alikuwa amefariki kwa homa mavuno yakianza, na mama alikuwa chumbani, amekaa eda, amejitanda nguo nyeupe, hasemi na mtu.

Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi, na kilichonitisha kuliko kifo chenyewe ni kwamba mama hakula. Nilimpelekea uji, nikaurudisha umeganda utando juu. Bibi alimbembeleza, majirani wakamsihi, yeye akautazama ukuta. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Mimi niliona na mjane anaijua. Usiku nililala nikisikiliza kama bado anapumua.

Aliyekaa nasi msimu huo ni shangazi Somoe, dada yake baba, aliyetoka Kinjumbi kuja kutufariji. Alikuwa mwanamke wa umbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Kila alipoingia mgeni kutoa pole, shangazi alianza kilio upya. Kilianzia mlangoni, kikapanda, kikatetemesha vikombe, kisha ghafla kikakatika ili aulize jambo: kama mgeni amepewa maji, au nani ameacha kuku waingie jikoni. Akishajibiwa, kilio kilirudi palepale kilipoishia, bila kupoteza hata pumzi.

Alasiri moja nilimpelekea mama uji, akageuza uso. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilivuta kanga kutoka kwenye kamba, nikaviringisha nyingine kiunoni ili ninenepe, nikasimama katikati ya chumba.

"Kaka yanguuu! Umeniachia nani miye! Kaka yang... hebu wifi, nisogezee hicho kigoda. Ahsante. Yanguuu!"

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Niliogopa, nikadhani nimemliza. Kumbe alikuwa anacheka! Alijiziba mdomo kwa ile nguo nyeupe, na kicheko kikampenya puani. Nikanogewa, nikarudia kwa nguvu. Halafu nikaona macho yake yamehamia nyuma yangu.

Shangazi Somoe alikuwa amesimama mlangoni.

"Wifi, msamehe," mama akasema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku nyingi. "Ni mtoto tu."

"Sijauliza ni nani. Aendelee."

Niliendelea, sauti nyembamba kama ya kifaranga. Shangazi alinitazama hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo, mwanangu. Mimi silii kwa koo, nalia kwa tumbo. Na kigoda siombi kabla sijashika kiuno. Tazama."

Akashika kiuno, akalia. Mama akaangua kicheko cha wazi. Lakini katikati ya mchezo sauti ya shangazi ikapasuka, machozi ya kweli yakamtoka, akajitupa mkekani na kumwekea mama kichwa mapajani. Wakakaa hivyo wakicheka na kulia, mimi nimesimama na kanga zangu nisijue niondoke au nibaki. Hatimaye mama akajifuta uso, akaniuliza, "Jikoni kuna nini?"

Kulikuwa na ugali na dagaa wa nazi. Alikula, nami nilikaa mbele yake nikihesabu kila tonge kwa macho. Tangu siku hiyo shangazi alinifunza kila alasiri: wapi pa kuvuta pumzi, wapi pa kunyamaza. Bibi alifoka kutoka uani, "Hii ni nyumba ya msiba au ya ngoma?" ila nilimwona amesimama nyuma ya pazia, amejiziba mdomo kwa mkono.

Miaka mingi baadaye, nilipokwenda kujaribiwa kwa kipindi cha vichekesho, tuliambiwa tulie. Wenzangu walilia vizuri, machozi yakiteleza kama ya maharusi. Mimi nilipofika kileleni nilikatiza, nikamwomba mwongozaji aniazime kiti chake, kisha nikaendelea. Alinipa kiti, na kazi. Leo nikipita sokoni wauza samaki hunizuia: "Dada, tulilie kidogo!" Nami hulia, na mara nyingi napunguziwa bei. Alhamdulillahi, sina la kulalamika.

Mama sasa anakaa Mitwero, katika nyumba iliyojengwa kwa kilio hicho. Idd iliyopita nilimnunulia televisheni kubwa. Majirani walijaa sebuleni, kipindi changu kikaanza, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na juisi. Mama alitabasamu tu. Wageni walipoondoka nikamuuliza kama hakufurahi.

"Nimefurahi sana," akasema. "Lakini yule anachekesha watu wote. Wewe ulinichekesha mimi."

Nikainama nikajifanya nakusanya vikombe. Naye alipoona nataka kulia kweli, akanisukumia sinia la vyombo vichafu. "Haya, staa, kaoshe."

Nikaenda nikaosha.