Wale Watano wa Mbele

Nyumba yetu ya Gahanna, pembeni ya mji wa Columbus huko Marekani, ilinuka dawa ya kusafishia zulia. Ilikuwa harufu kali, kama ya limau lililotengenezwa kiwandani, na hata mama alipopika sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu, kufikia asubuhi harufu ya chakula ilikuwa imeondoka na ile ya zulia imebaki. Tulihamia pale mwezi wa sita, katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Uwanja wa ndege wa Columbus haukuwa mbali, na ndege ziliposhuka vioo vya madirisha vililia kidogo, kisha pakawa kimya tena. Nilikuwa sijazoea kimya. Kule Louisville, mtaa wa Iroquois, tulikoishi miaka mitatu baada ya kutoka kambi ya wakimbizi, mlango wetu haukufungwa mchana. Watoto wa Fizi na wa Bukavu, wa kwetu Kongo, waliingia na kutoka, mama wa jirani alikuja kuomba chumvi akakaa mpaka jioni, na Jumapili tulikwenda kanisani kwa miguu, kundi zima, tukiimba kabla hatujafika. Gahanna mlango ulikuwa na kufuli mbili, na hakuna aliyeugonga.

Tulikuwa watatu tu. Dada yangu Esperansi aliolewa mwezi wa nne, akamfuata mume wake mji wa Buffalo. Baadaye baba akapata kazi nzuri zaidi katika ghala moja nje ya Columbus, tukafunga vitu vyetu. Mama alipata kazi ya kuwahudumia wazee, akitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi pamoja na baba, kwa sababu gari lilikuwa moja. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilibaki peke yangu mpaka saa tisa mchana, nikihesabu ndege, nikijibu maswali ya watu wa televisheni kwa sauti ili nisikie mtu akizungumza.

Nilidhani mpweke ni mimi peke yangu. Baba alikuwa mtu wa maneno. Kule Uvira alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alasiri alifundisha timu ya mpira ya shule, akitembea pembeni ya uwanja na kuzungumza mfululizo, hata mpira ukiwa umetoka nje. Katika ghala la Louisville walikuwa wanaume sita wa kwetu kwenye mstari mmoja, wakipanga maboksi na kubishana kuhusu siasa za Kinshasa. Katika ghala la Columbus alikuwa peke yake. Wengine hawakumfanyia ubaya wowote. Walimsalimia asubuhi, wakamuaga jioni, na katikati hapakuwa na neno. Saa ya chakula walikaa kwenye meza ndefu karibu na maikrowevu, na mkubwa wa meza hiyo alikuwa Mzungu mmoja mnene mwenye ndevu nyeupe, jina lake Dale, dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo. Mazungumzo ya meza ile yalikuwa ya jambo moja.

"Ni timu, timu, timu," baba alimwambia mama. "Tangu wanafungua chakula mpaka kengele. Na mechi ya kwanza iko mwezi wa tisa."

Ilikuwa timu ya chuo kikuu cha mji ule, ya mpira wa Kimarekani, ule unaoshikwa kwa mikono. Bendera zake zilining'inia kwenye nyumba, kwenye magari, hata kwenye duka la dawa. Msimu wake ulikuwa bado, lakini Columbus ilikuwa imekwisha kuanza kuucheza kwa mdomo: nani kaondoka, nani karudi, mwaka huu watafika wapi. Baba hakuhitaji kuupenda mpira ule. Alihitaji sentensi moja ya kuingilia mezani.

Siku moja alirudi na jarida alilolikuta kwenye kikapu cha karatasi pale kazini. Jalada lilikuwa limechanika na kupotea, lakini ndani kulikuwa na kurasa nane juu ya timu ile na matarajio ya msimu unaokuja. Akaliweka mbele yangu pamoja na sahani yangu ya wali.

"Bon," alisema. "Soma. Unipe kwa Kiswahili."

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza. Asubuhi nilisoma peke yangu, nikipiga mstari chini ya maneno nisiyoyajua, na saa tisa baba alipoingia nilikuwa tayari mezani. Alioga, akakaa na fulana yake safi, akakunja mikono kama mkaguzi wa shule. Maneno mengi hayakuwa na Kiswahili, ikabidi tuyatengeneze. Yule anayeanzisha mchezo na kuutupa mpira mbali tulimwita mrushaji. Wale vijana watano wakubwa wanaosimama mbele yake wasije wapinzani wakamwangusha, baba aliwaita ukuta. Hao ndio waliomvutia kuliko wote.

"Hawa watano, mpira wanaushika saa ngapi?"

"Hawaushiki, papa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Kazi yao ni kuzuia."

Akaniambia nirudie ukurasa ule. Jarida lilieleza kwamba katika wale watano, wanne walikuwa wamemaliza masomo na kuondoka, na walioingia badala yao walikuwa wachanga, hawajawahi kupimwa. Mwandishi alikuwa na wasiwasi. Baba naye akawa na wasiwasi, kabisa, kama vile vijana wale walikuwa wanafunzi wake wa Uvira. Akachora uwanja nyuma ya bahasha, akaweka maharage matano mbele na moja nyuma, akanionyesha mahali ambapo adui angepenya. Mama alipita na kusema maharage yale yalikuwa ya kupika. Sikumbuki kama niliwahi kuwa na furaha zaidi ndani ya nyumba ile. Majuma mawili nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye, naye alikuwa na mimi.

Mwisho tulitunga maneno yake ya Kiingereza. Yalikuwa sentensi tatu: shida kubwa ni wale watano wa mbele; wanne wameondoka na hawa wapya ni watoto; mwaka huu kombe hakuna. Alizisema akinyoa ndevu, akazisema tena akifunga viatu. Nilimsahihisha mpaka nikaona zimekaa. Jumatatu aliondoka na shati lenye kola, la kanisani, ndani ya koti la kazi.

Siku ile sikuwasha televisheni. Saa tisa niliposikia gari nilifungua kufuli zote mbili nikamngoja mlangoni.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Wakajibu nini?"

Alivua viatu polepole. "Walicheka. Hawakunisikia."

Katika Kiswahili cha kwetu, kusikia ni kwa masikio na ni kuelewa pia. Nilijua alikuwa na maana gani. Alifikiri ni ulimi wake, kwamba Kiingereza chake kilikuwa kibovu kiasi kwamba watu wazima walikisikia wakacheka kama wanavyomcheka kasuku. Nilitaka aseme zaidi. Aliingia kuoga, na alipotoka hakukaa mezani. Kesho yake nilitayarisha ukurasa wa ratiba ya mechi, akasema amechoka. Siku ya tatu sikutayarisha kitu.

Juma lililofuata mama alipewa siku ya mapumziko, akabaki na gari kwa ajili ya shughuli zake. Saa sita mchana tulimpelekea baba mkoba wa chakula aliousahau. Tulimkuta nje, upande wa nyuma wa ghala, ameketi kwenye ukingo wa saruji kando ya magari, akila kipande cha mkate alichopewa sijui na nani. Jua lilikuwa kali. Alikuwa amegeukia ukuta, si barabara. Mama alisimamisha gari mbali kidogo, akamtazama bila kuzima injini. "Huyu mtu," alisema, "anakula inje kama mlinzi." Kisha akapiga honi kidogo, akatabasamu, akateremka na mkoba kana kwamba hakuona lolote. Mimi sikuteremka.

Tulipotoka pale tulipita dukani. Karibu na mahali pa kulipia palikuwa na rafu ya majarida, na jarida langu lilikuwa hapo, likiwa na jalada lake. Nililifunua, nikalitambua kwa umbo la herufi za ndani. Nikafungua kurasa za timu ile. Maneno hayakuwa yale. Hili lilisema kwamba ukuta wa mbele ulikuwa bora kuliko wote nchini, kwamba wanne kati ya watano walikuwa wanarudi, kwamba watoto wale waliotiliwa shaka mwaka uliopita ndio waliouleta ubingwa. Nilisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Mama aliniita, nikaenda. Nyumbani nilitoa jarida la baba chini ya godoro, nikatafuta chini ya ukurasa, na pale, kwa herufi ndogo ambazo sikuwa nimejali kuzisoma, paliandikwa mwaka. Ulikuwa mwaka uliopita. Nilimfundisha baba wasiwasi wa msimu uliokwisha, nikampeleka mbele ya watu waliokuwa bado wanashangilia kombe, akawaambia kombe hakuna.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Sikuwa na mtu wa kumwambia pale, kwa hiyo Jumamosi nilimpigia Esperansi. Buffalo nako alikuwa peke yake, mume yuko kazini, naye alikuwa na mimba na kichefuchefu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aseme kwamba mimi ni mtoto na halikuwa kosa langu. Hakusema hivyo.

"Umwambie," alisema. "Papa anafikiri ni mdomo wake. Ukinyamaza, atakaa nao hivyo, ataufunga."

Jumapili mchana baba alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje na Biblia aliyokuwa haisomi. Kanisa la lugha yetu lilikuwa mbali na hatukuwa tumelizoea bado. Nilikaa ngazi moja chini yake, nikamkabidhi jarida, nikamwonyesha ile tarehe kwa kidole. Nikasema ni mimi. Nilisema haraka, nikiangalia viatu vyake. Alilisogeza jarida karibu na macho, akalisogeza mbali, akahesabu kitu kimoyomoyo.

"Donc," alisema taratibu, "kumbe hawa watano wako wazuri."

"Wako wazuri sana, papa. Walibeba kombe."

"Na mimi nikasema ni watoto."

"Ndiyo."

"Donc walinisikia." Aligeuka akanitazama, akaniita kwa jina. "Riziki. Walinisikia yote?"

Nilisema ndiyo, walikusikia yote, ndiyo maana walicheka. Aliweka jarida magotini. Mabega yake yalianza kutikisika, nikaogopa kwamba analia, kumbe anacheka, kicheko kile cha pembeni ya uwanja ambacho sikuwa nimekisikia tangu Louisville. Alicheka mpaka mama akaja mlangoni. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sidhani kama lilimpitia akilini kwamba kulikuwa na la kusamehe.

Jumatatu alilipeleka jarida kazini, akalilaza mezani mbele ya Dale, akasema binti yake alimsomea la zamani. Sikuwapo, najua tu alivyosimulia. Dale alilifungua, akasoma vile vilio vya mwaka uliopita kwa sauti, na meza nzima ikacheka, safari hii baba akiwa amekaa. Mtu mmoja alimsogezea kiti karibu. Wakamuuliza, basi sasa anaonaje, na yeye, kwa maneno ambayo sikumfundisha, akasema timu ikiwa na warushaji wawili wazuri na mwalimu hajui ni yupi wa kwanza, moyo wa timu unagawanyika, watapoteza mechi moja na hiyo moja itatosha. Walimbishia mpaka kengele. Mwezi wa kumi na moja walipoteza mechi moja, na ilitosha kuwanyima kombe. Kuanzia hapo walimwita Kocha.

Sikuhitajiwa tena. Hilo sikulitegemea. Dale alimpa baba jarida jipya na kumweleza mwenyewe, na Jumamosi za mechi baba alikwenda kwake kutazama, akarudi na maneno ya Kiingereza ambayo mimi sikuyajua. Shule ilipofunguliwa nilikaa saa ya chakula mwisho wa meza, nikiwa najua ukuta wa mbele wa timu ile mmoja mmoja, na wasichana wa darasa langu walizungumza mambo mengine. Nilipata rafiki mwezi wa pili, theluji ikiwa magotini. Kabla ya hapo nilirudi nyumbani, nikafungua kufuli mbili, nikaufunga mlango nyuma yangu.

Sasa ninaishi Buffalo, karibu na Esperansi, na nimeanza kazi mahali ambako watu bado hawajalijua jina langu vizuri. Baba na mama wamerudi Louisville. Jumapili moja binti wa dada yangu, Debora, ambaye ana miaka minane na hujibu kila kitu kwa Kiingereza, aliniuliza nilikuwa ninafanya nini likizoni nilipokuwa mdogo. Nikamwambia nilikuwa ninamsomea babu yake jarida la mpira. Alishangaa. Akauliza kama babu hakujua kusoma. Nilimweleza kwamba babu yake alisoma Kiswahili, Kifaransa na Kifuliiru, lugha ya kwao, na alikuwa amefundisha mamia ya watoto kusoma, lakini nchi hii ilikuwa haijamwuliza. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye simu yake, ambayo humtafsiria lolote kwa dakika moja bila kumtegemea mtu. Simwonei wivu. Hakuna mtu mzima anayemngoja amweleze dunia, na sipendi apate siku nne kama zile zangu. Lakini nilipokuwa nikiosha vikombe jikoni nilifikiri jinsi ambavyo, katika miaka yote tangu wakati ule, hakuna mtu aliyekaa mbele yangu na fulana safi, mikono imekunjwa, akasubiri niseme.