Mganga wa Timu ya Nduaro

Syombua Kitheka alikuwa dobi katika hoteli moja ya ufuoni Diani. Kutwa alishughulika na mashuka ya wageni, na alipotoka kazini alasiri vidole vyake vilikuwa vimesinyaa kwa maji na sabuni. Badala ya kwenda moja kwa moja kwenye chumba chake cha kupanga, alipitia Ukunda kwa Mbwana, fundi wa simu. Huko ndiko alikokuwa mtu mwingine.

Nyuma ya duka la Mbwana palikuwa na chumba chenye mabenchi, feni, na intaneti isiyokatika ovyo. Hapo ndipo timu ya Nduaro ilipokutana. Walikuwa wanne, na mchezo wao wa kwenye simu uliwapambanisha na wanne wengine wasiowajua nyuso, leo wa Nairobi, kesho wa Dar. Kila upande una ngome yake. Anayeibomoa ya mwenzake ndiye mshindi. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, lakini wao walizipa kazi zake majina ya kwao. Mbwana alikuwa Ngao, akitangulia mbele kupokea mapigo. Twaiba, msichana aliyekuwa akisomea ualimu, alikuwa Jicho, kazi yake kupeleleza. Idris alikuwa Upanga. Yeye ndiye aliyeua. Na Syombua alikuwa Mganga. Alikaa nyuma ya wenzake, akitazama mistari ya uhai iliyokuwa juu ya vichwa vyao, na kila mstari ulipopungua aliujaza kabla haujakwisha.

Jina hilo hakulipenda. Babake ni mzee wa kanisa kule Shimba Hills, katika mashamba waliyogawiwa watu wa bara miaka mingi iliyopita, na Mkamba, ambaye kabila lake husingiziwa uchawi, akiitwa mganga pwani hii hucheka kwa mdomo tu.

"Niiteni Daktari," aliwaambia.

Walicheka. Jina likabaki.

Nyota alikuwa Idris. Alikuwa kijana wa Shimoni, mwendesha boti ya kuwapeleka watalii kutazama pomboo, mwenye vidole vyepesi na maneno mepesi zaidi. Vijana walijazana dirishani kumtazama akijitosa peke yake katikati ya maadui watatu na kutoka mzima. Walipiga mayowe. Hakuna aliyetazama ni nani aliyekuwa akiujaza mstari wake wakati wote huo. Mganga akifanya kazi yake vizuri, huonekana kana kwamba hakuna kazi iliyofanyika. Idris alipotoka salama aliibusu simu yake. Alipoanguka alipaza sauti, "Mganga! Umelala?"

Mwaka jana walishinda mashindano ya pwani nzima, mjini Mombasa. Mtangazaji mmoja alimsogezea Idris kipaza sauti akamwuliza siri ya ushindi.

"Siri gani?" Idris alisema. "Mimi hubeba watu watatu mgongoni. Mmoja wao ni dobi!"

Ukumbi mzima ukacheka. Syombua naye akacheka, akiwa amesimama kando yake, amevaa fulana ya timu. Zote nne alikuwa amezipiga pasi yeye asubuhi ile.

Kwa furaha ya ushindi babake Syombua aliwaalika wote nyumbani Shimba Hills wale kuku. Huko walimkuta bibi yake Syombua mzaa baba, ambaye kwa Kikamba aliitwa Susu, mwanamke mzee ambaye moshi wa miaka mingi ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Alikuwa akinong'ona peke yake huku akikoroga sufuria. Alikuwa akiomba, ndivyo alivyozoea. Juu ya kichwa chake palitundikwa vibuyu vya uji. Idris alipompa mkono, Susu hakuuachia upesi. Aliugeuza, akautazama.

"Mkono mzuri huu," alisema. "Utunze."

Idris alicheka. Wakala, wakarudi Ukunda.

Wiki iliyofuata, chumbani kwa Mbwana, Idris alijitosa katikati ya maadui kama kawaida yake. Syombua aliuona mstari ukishuka, kijani, manjano, nyekundu. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na hakikushuka. Hakuwa amepanga. Alipokuja kubonyeza, Idris alikuwa ameshaanguka.

"Vipi tena, Mganga?"

"Mtandao," alisema Syombua.

Usiku ule alilala vizuri, na hilo ndilo lililomtisha alipoamka.

Baada ya hapo alifanya tena. Si kila siku. Siku ambazo Idris alikuwa amemdhihaki tu, au alipojibiwa salamu kwa kidevu. Alichelewa kidogo, kiasi ambacho mtu hawezi kukitaja. Wakati mwingine timu ilishinda hata hivyo, na hapo utamu ulizidi, kwa kuwa ni Upanga peke yake aliyeanguka. Idris alinunua simu nyingine. Akabadilisha benchi. Akaanza kuvitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine, na dirishani watazamaji wakaanza kupungua. Syombua aliyaona yote, na kila alipoyaona alisikia raha kama ya mtu anayejikuna upele, akijua kabisa kwamba anajitoa damu.

Mbwana alikuwa na jicho la fundi. Alasiri moja wenzao walipokwisha kuondoka alisema, bila kuinua kichwa kwenye simu aliyokuwa akiifungua:

"Syombua, mimi ndiye ninayepigwa kuliko wote. Mbona mstari wangu haukauki? Unakauka wa Idris tu."

"Idris hujitosa mno."

"Idris amejitosa tangu tumjue." Akapuliza vumbi kwenye simu. "Mwambie kwa mdomo, dadangu. Mchambe, mpigie kelele, nami nitakusaidia. Hili la kimyakimya silipendi."

"Sijui unazungumzia nini, kaka," alisema Syombua, akachukua mkoba wake.

Haukupita mwezi Idris akaumia, na si mchezoni. Alikuwa akivuta nanga, watalii wakiwa botini, kamba ikamzinga mkono wa kulia mashine ikiwa inaenda. Vidole viwili vilikatika. Alipelekwa hospitali ya Msambweni, na huko, akiwa kitandani mkono umefungwa kama mpira, alikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Akazikumbuka kamba zote alizozishika tangu utoto bila kuumia. Akaikumbuka miezi ile ya kuanguka bila sababu. Akayakumbuka macho ya Susu.

Akashika simu kwa mkono wa kushoto, akajirekodi, akaituma sauti kwenye kundi la mashabiki wa timu.

"Ndugu zangu, mimi sikukosea kamba. Kwanza nilianza kuanguka mchezoni, mkono wangu mwenyewe unanisaliti. Kisha haya. Tulikwenda kwao Shimba Hills, bibi yake akaushika mkono huu huu, akaugeuza, akaniambia niutunze. Macho mekundu, vibuyu vimetundikwa jikoni. Nanyi mwamwita Mganga mkidhani ni mchezo."

Syombua aliisikiliza akiwa kituo cha matatu, ameegemea ukuta. Aliisikiliza tena. Wakati huo huo sauti ile ilikuwa ikiruka kutoka simu hadi simu, ikiwafikia watu wasioujua mchezo wala timu. Ilipofika sokoni Kombani, habari ya ngome na panga ilikuwa imeshapotea njiani. Kilichobaki kilikuwa kijana aliyekatika vidole na ajuza wa Shimba Hills.

Babake, mzee Kitheka, alimpigia simu.

"Ni nini hiki kinachochezwa kwenye simu za watu? Wanawake waliokuwa wakinunua pojo kwetu wanapita njia nyingine. Na leo wamekuja vijana wawili kwa pikipiki. Hawakusalimu. Wamemwuliza jirani yule bibi mzee hulala nyumba gani."

Kwale nzima hakuna asiyejua maana ya swali hilo. Wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi lilianza swali kama hilo.

"Asibaki peke yake, baba," alisema Syombua. "Hata mkienda kanisani, mbebeni."

Alijua kitu kimoja tu ambacho kingemwosha Susu, na kitu hicho kilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Akamwendea Mbwana, akamwambia yote. Mbwana hakusema kwamba alijua. Alifunga duka, wakaenda Shimoni.

Mamake Idris, bi Mwanafatuma, aliwapokea barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Alisema karibu kwa adabu, lakini mkono hakumpa Syombua.

Idris alikuwa amekaa juu ya mkeka, mkono kifuani. Alikuwa amekonda. Syombua hakuzungusha maneno.

"Idris, hakuna aliyekuroga. Ni mimi niliyekuwa nikikuangusha. Ulipojitosa, nilikawia kukuponya. Kwa makusudi. Tangu siku ile ya Mombasa uliponiita mzigo mbele za watu. Susu hajui hata mchezo ni nini. Na kamba ni kamba. Nimekuja uniseme mimi, umwachilie yule mzee."

Mwanafatuma alimtazama msichana yule muda mrefu.

"Wataka kuniambia," Idris alisema polepole, "kwamba mimi nilikuwa nasimama kwa sababu yako?"

"Kwa sababu yetu sote. Na ulipoanguka, niliamua mimi."

"Muongo. Nionyeshe."

Mbwana akatoa simu zake. Idris aliiweka moja juu ya goti akacheza kwa mkono wa kushoto, vibaya, kama mtoto anayejifunza kuandika. Akajitosa. Maadui wakamzunguka, wakampiga, naye akasimama. Mstari wake ulishuka ukapanda, ukashuka ukapanda, na mkono ule mbovu ukashinda. Kisha wakaingia tena. Safari hii Syombua aliinua kidole hewani, juu kabisa, ili mama aone. Idris akaanguka hapo hapo.

"Nimeona," alisema Mwanafatuma. "Mwanangu, nimeona kwa macho yangu. Si uchawi huu. Huu ni uovu wa kawaida, na mwenyewe amekuja kuukiri mlangoni petu. Mtu muungwana akimkosea mwenzake kwa maneno ya namna hii huyarudisha."

Idris aliitazama simu.

"Leo, sawa," alisema. "Leo mkono ni mbovu. Lakini wakati ule mimi nilikuwa Upanga. Mimi si wa kuangushwa na kidole cha dobi."

"Basi ni nini kilichokuangusha?" Mbwana aliuliza.

"Mwakijua."

Mbwana alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli. Aliona kwamba mwenzake alikuwa amewekewa milango miwili, kwamba alirogwa au kwamba alibebwa, na ule wa kurogwa ndio uliomwachia kiburi chake kizima. Asingetoka humo kwa hiari.

Alitolewa na mamake, nusu. Mwanafatuma alimsimamia mpaka akajirekodi tena, kusema kwamba alikosea na yule bibi aachwe. Sauti ilikuwa fupi na kavu, kama ya mtu anayesomewa cha kusema. Ilitumwa kwenye kundi lile lile. Haikuruka. Watu waliisikiliza wakaiacha hapo. Haikuwa na vidole wala vibuyu.

Jumapili iliyofuata, mzee Kitheka alimpakia mamake kwenye toroli ya kubebea maji, kwa kuwa miguu yake haikumudu kilima, akamsukuma hadi kanisani. Susu alilalamika njia nzima kwamba amefanywa mtungi. Walipokuwa wakiimba waliona moshi. Walipofika, jiko la Susu na chumba alichokuwa akilala vilikuwa vimeshaanguka, na mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa waya kutoka nje. Aliyefanya hivyo hakujua kwamba ndani hamkuwa na mtu.

Polisi walikuja, wakauliza majirani. Moshi ulikuwa umeonekana hadi barabarani, lakini hakuna aliyekuwa ameona mtu.

Syombua alifika jioni. Alimkalisha babake chini ya mwembe uliokuwa umebabuka majani, akamweleza kila kitu, tangu kipaza sauti cha Mombasa. Mzee Kitheka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, si ungemtukana tu."

Susu alipelekwa Makueni, kwa jamaa za ndugu zake, alikotoka akiwa mke mpya. Huko hakuna anayemjua tena isipokuwa kwa jina. Kila akipiga simu huuliza ni nani anayelala nyumbani mwake. Huambiwa bado wanajenga.

Timu ilivunjika bila mtu kutangaza. Twaiba alirudi kwenye masomo yake. Mbwana aliyatoa mabenchi, chumba akakijaza makasha. Idris anaongoza watalii kwa mdomo sasa, mwingine ndiye anayeshika usukani, na wageni wakimwuliza habari za vidole vyake huwapa kisa kirefu. Wageni hupenda kukisikia.

Mwezi jana, katika chumba cha chakula cha wafanyakazi, dobi mpya aitwaye Mwanaima, aliyekuja kutoka Mombasa, alivuta kiti karibu na Syombua.

"Shoga, umeisikia hii? Dada yangu ameniletea leo. Mchawi wa huku kwenu."

Akabonyeza simu. Sauti ya Idris ikatoka, ile ya kwanza, ikiwa na mikwaruzo kwa kupita simu nyingi. Syombua aliisikiliza yote, kijiko mkononi.

"Huyo bibi walimpata?" Mwanaima aliuliza.

"La. Hawajampata."

"Wamjua?"

"Ni bibi yangu," alisema Syombua. "Na huyo Mganga anayetajwa ni mimi. Ngoja nikueleze ilivyokuwa."

Lakini Mwanaima alikuwa ameshaitia simu mfukoni. Alitabasamu kwa adabu sana, akasema amekumbuka kazi, akainuka akaiacha sahani yake mezani ikiwa bado na chakula.