Asubuhi za Baba Ndani ya Mashine ya Kamera

Baba yangu Vital alikuwa na depo ya maharagwe, mchele na samaki wa chumvi huku Kampemba, mtaa wa Lubumbashi. Zamani mtu angeniuliza alikuwa mtu wa namna gani, ningejibu kwa maneno matatu: kazi, kanisa, kimya. Kanisani aliketi benchi la nyuma. Wimbo ukianza na watu wakapiga makofi, yeye alisimama tu, mikono mfukoni, kama mtu anayengoja lori lake lifike. Ninaandika haya ili wadogo zangu wasije wakasema baba yetu alikuwa jiwe.

Bwana alimwita tarehe tatu mwezi wa pili, mwaka 2025, kwa ugonjwa wa presha uliomkalia siku nne. Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi juma moja kabla yake. Mama yake mzazi, Domitille, ambaye sisi huku Lubumbashi tunamwita Kambo kama bibi yeyote, alikuwa Butembo. Ndege hakuna, barabara hazipitiki. Kambo akafunga Biblia yake na kitenge kimoja ndani ya mfuko, akapita Uganda, Tanzania na Zambia kwa mabasi, akatufikia siku ya ishirini na saba baada ya mazishi. Alikuwa na miaka sabini na tano. Alipoingia uani hakulia. Aliuliza kwanza choo kiko wapi.

Kilio chetu kilipaswa kuondolewa siku ya arobaini: kuoga, kuvua nguo nyeusi, kula pamoja, kwaya kuimba. Lakini kilio hakiondolewi ikiwa mama wa marehemu anasema bado. Na Kambo alisema bado.

Jioni ya kwanza alimwuliza mama yangu, Laurentine, swali moja tu.

"Mukamwana, Vital alikuwa anacheza?"

"Kucheza nini, Mama? Karata?"

"Karata ya nini! Kucheza. Kuruka, na miguu!"

Mama alinitazama. Nilitazama chini. Katika nyumba yetu hatukufundishwa kusema uongo, hata ule wa kufariji.

"Hapana, Mama. Hatujamuonaka akicheza, hata siku ya ndoa yetu."

Siku ya tatu Kambo alituambia habari za Vital wa utotoni. Mtoto aliyemzaa alicheza kabla ya kutembea. Alicheza nyuma ya mbuzi, alicheza na ufagio mpaka baba yake akauficha ufagio. Mwaka 1998, vita ikiwa kila mahali, alipanda juu ya lori akiwa na magunia mawili ya maharagwe, akaenda. Alirudi mara moja tu, kumzika baba yake, na mazishini mtu hachezi. Kwenye simu ilikuwa "iko muzuri, Mama," basi.

"Kama aliacha kucheza," akasema, "basi vita njo ilimuua, mwaka ule ule. Na miye nimevuka inchi tatu kulilia muntu nisiyemujua. Kilio ya muntu sijue, nitaitoa namna gani?"

Hapo ndipo mama alipokumbuka kamera. Depo iko mbele ya nyumba, katika kiwanja kimoja, na baba aliiwekea kamera nne baada ya wezi kupita juu ya bati. Picha zilikwenda katika mashine ya kurekodi ndani ya kiofisi chake. Walau Kambo angemwona mwanawe akitembea, akipima, akigombana na wateja. Lakini mashine ilikuwa imekufa. Tulipofungua depo baada ya mazishi tuliikuta inawaka, inaonyesha alama yake kwenye skrini, mstari mdogo unatembea mpaka katikati, kisha giza, kisha inaanza upya. Siku nzima vile. Majirani walisema mashine inamlilia bwana wake. Mama aliikubali hiyo habari, akaitoa kwenye umeme, akaifunika kitambaa cheusi.

Tulimwita Bijou, fundi aliyeifunga zamani. Bijou ni mtoto wa mtaa wa Makomeno, babu yake alikuwa mfanyakazi wa reli, naye hushika bisibisi kama padri anavyoshika kikombe. Alifika asubuhi, akaona kitambaa.

"Bantu ya Butembo! Munavalisha hata mashine nguo ya kilio? Muliinyoa na nywele?"

Kambo, aliyekuwa ameketi juu ya gunia, alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu afike.

Bijou akaiwasha. Alama, mstari, giza. Alama, mstari, giza. Alichomoa kamera zote nne, moja baada ya nyingine, maana wakati mwingine kamera moja yenye waya mbovu huivuta mashine nzima chini. Haikusaidia. Alichomoa kipanya. Vile vile. Alifungua kifuniko, akapuliza vumbi la unga, akaitoa diski ambayo ndiyo inahifadhi picha, kisha akaiwasha tena bila diski. Mstari ukatembea mpaka mwisho. Mashine ikalia "piip" na skrini ikafunguka.

"Imepona!" nikasema.

"Haiyapona, Abigaëlle. Kichwa iko muzuri, lakini iko bila ukumbusho. Nikirudisha diski, inaanguka. Pengine diski njo imekufa."

Diski ikifa, picha zimekufa nayo. Kambo hakuelewa neno diski, ila alielewa uso wa mama, akaanza kuomba kwa kikwao, polepole, bila kufumba macho, akimwangalia Bijou.

Bijou aliirudisha diski, akaweka sikio juu yake kama mkunga. Akatuambia tunyamaze.

"Musikie. Inataka kuzunguka. Inajaribu, tak, inachoka. Hii haiko mugonjwa. Iko na njaa!"

Akaushika waya wa umeme na kuufuata kwa vidole mpaka kwenye shajeri iliyochomekwa ukutani. Akaigeuza, akasoma maandishi madogo.

"Nani alileta hii? Miye niliacha shajeri ya ampea ine. Hii iko moja na nusu. Inatosha kuamsha kichwa, lakini diski ikianza kuzunguka, nguvu inaisha, mashine inalala, inaamuka. Nani alibadirisha?"

Hakuna aliyejua. Kisha nikakumbuka kilio: siku tatu kwaya ilikaa uani, na umeme wa kinanda tuliupitisha kwenye dirisha la kiofisi. Alfajiri ya mazishi kila mtu alikunja waya ambao mkono wake uliugusa.

Nikampigia simu Ézéchiel, kiongozi wa kwaya. Nilimwomba asome shajeri ya kinanda. Nikasikia akivuta waya.

"Dada Abigaëlle, imeandikwa ine."

"Nne! Basi ni ya baba."

"Aï, mama! Dada, hii kinanda ilikuwa inakatikaka kila tukiongeza sauti. Tangu kilio ya baba yako haikatikake tena. Nilitoa ushuhuda kanisani! Nilisema ni mukono ya Bwana!"

"Ulete huo mukono haraka!" Bijou akapiga kelele kutoka nyuma yangu.

Alifika kwa pikipiki, shajeri kifuani ndani ya koti, jasho likimtoka. Bijou akachomeka. Alama. Mstari. Diski ikazunguka, sauti yake kama mtu anayepepeta mchele mbali. Mstari ukapita katikati. Ukafika mwisho. Piip.

Kambo akasema, "Amina," kama vile piip ile ilikuwa sala.

Bijou akatafuta tarehe, kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama Laurentine, sikiliza. Hii mashine inashika siku makumi mbili tu. Ikijaa, inaandika juu ya zile za zamani. Kama ingelikuwa inatembea muzuri tangu mazishi, mbele Kambo afike, Papa Vital angelikuwa amekwisha kufutika. Ni kosa ya kwaya njo ilimuchunga."

Ézéchiel alivua kofia. "Sasa ushuhuda yangu niufute ao niuache?"

"Uache," Kambo akasema. "Ila urekebishe kidogo."

Tukafungua siku moja ya mwezi wa kwanza, saa kumi na moja na nusu za asubuhi. Saa hiyo baba alijifungia ndani ya depo kila siku, na sisi kitandani tulisikia komeo. Alisema anapanga magunia. Kwenye skrini mlango ukafunguka, akaingia, akafunga. Alipiga magoti kando ya magunia ya maharagwe, akaomba. Akasimama. Akachukua ufagio.

Alifagia hatua mbili. Kisha bega moja likapanda. Kisha jingine. Kisha baba yangu, mtu wa benchi la nyuma, akauzungusha ufagio, akauinamia kama anamsalimu mkwe wake, akaruka, akapita katikati ya magunia akipiga miguu, tumbo likitangulia, kofia ikaanguka, hakuiokota.

Mama alisema tu, "Vital! Vital, we!" akacheka huku machozi yanashuka. Bijou akafungua siku iliyofuata, na iliyofuata. Kila siku alicheza. Hata asubuhi ya habari za Goma: aliomba muda mrefu sana, uso juu ya gunia, halafu akacheza polepole.

Mashine ile haishiki sauti. Lakini Kambo alikuwa amesogea karibu, akitazama miguu peke yake. Akaanza kugonga gunia kwa kiganja. Kisha akaimba, wimbo wa kupanda maharagwe, ambao alimwimbia mwanawe akiwa mgongoni. Kila neno likaangukia mahali mguu wa baba ulipokanyaga.

"Muone!" akamwambia Ézéchiel. "Hakusahau hata ile hatua ya kuruka shimo!"

Alisimama, akashika ufagio ule ule uliokuwa bado kwenye kona, akatuonyesha hatua ya kuruka shimo, na sisi wanne tukamfuata katikati ya magunia. Alipochoka aliketi, akajifuta uso, akamwambia mama, "Mukamwana, lete maji. Tutoe kilio."

Bijou alinakili asubuhi zote za baba kwanza, ndipo akaruhusu mashine ianze kurekodi tena. Shajeri kubwa ilibaki depo, ile ndogo ikarudi kwa kwaya. Kwa hiyo siku ya arobaini, tukiwa tumevaa vitenge vya rangi, kinanda kilikatika mara tatu. Kila kilipokatika, Kambo aliendelea peke yake kwa sauti kubwa, na watu wakacheza bila kujua kimekatika.