Deni la Siku za Kahawa

Walisema sitasimama tena, sembuse kuchuma kahawa. Nimesoma ng'ambo na kurudi na diploma, na bado harufu ya maganda ya kahawa kiwandani hunirudisha shambani.

Ugonjwa wa kupooza ulizunguka dunia, ukafika Nyeri na kunilegeza mguu nikiwa mdogo. Wenzangu wakaacha kuniita uwanjani, nami nikaacha kuongea. Mama alipokuwa akiniuguza, majirani walimchumia kahawa kwa ngwatio, ile kazi ya kusaidiana kwa zamu, naye akawa na deni la siku katika kila boma.

Msimu uliofuata nilijifunga fimbo mguuni kwa kamba ya katani, nikaanza kuzilipa siku hizo mwenyewe. Mwishowe ikabaki siku moja, katika boma moja.

"Wee kijana, hiyo siku tulimsamehe mama yako," mama mwenye shamba akasema.

"Hakuomba kusamehewa, mama. Nionyeshe mstari wangu."

"Na ukianguka?"

"Nitachuma za chini."

Alicheka, akanionyesha. Nilichuma hadi vidole vikanata kwa utamu wa matunda mekundu. Jioni alipima debe langu, likafurika.

"Kesho urudi," akasema. "Hiyo siku ya kesho itakuwa deni langu; nitakuja kuilipa kwenu."